Kopo Kichakani, Sauti Hewani

Askari apatapo siku ya mapumziko, aghalabu hukaa nyumbani akisikiliza redio, ilhali watoto hukosa mchezo. Ipo burudani ya nje iwezayo kuwatoa wote pamoja, nayo ni kutafuta kopo lililofichwa kwa msaada wa redio.

Mchezo wa makopo, uitwao jiokachingi, ulianza Mei 2000, mara tu Marekani ilipoondoa kizuizi kilichopunguza usahihi wa setilaiti zake za kuonyesha mahali. Tarehe 3 ya mwezi huo, Dave Ulmer alificha chombo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akawatangazia watu vipimo vyake. Redio ya ridhaa ni kongwe zaidi. Katika Uganda leseni yake hutolewa na Tume ya Mawasiliano, na majina ya vituo huanza na 5X.

Mambo hayo mawili huungana kwa urahisi. Mwenye leseni hukaa kilimani, akasoma vipimo hewani katika masafa ya megahezi 144 hadi 146. Jamaa zake hupokea, wakaandika, wakaanza safari. Masafa hayo huzuiwa na vilima, hivyo aliye nyuma ya Kololo huenda asisikie kitu mpaka apande juu.

Umakini ni lazima. Kosa la dakika 1 ya latitudo ni karibu kilomita 1.85. Kampala iko kama dakika 19 kaskazini ya Ikweta. Aandikaye "kusini" badala ya "kaskazini" hujikuta kiasi cha kilomita 70 mbali, katika Ziwa Viktoria upande wa visiwa vya Ssese!

Kopo likiwa na kirusha mawimbi kidogo, mtafutaji hukumbatia redio kifuani na kuzunguka polepole. Sauti inapofifia kuliko pote, kirusha mawimbi kiko mgongoni mwake. Akipima hivyo mahali pawili na kuchora mistari ramani, mistari hukutana karibu na kopo.

Lakini Kampala haijasahau milipuko ya Julai 2010 na Novemba 2021. Kopo lisilojulikana mwenyewe laweza kuwatia watu hofu na kuwaita polisi bure. Kwa hiyo chombo kiwe cha kuona ndani, kiandikwe jina la mchezo, na kiwekwe kwa idhini ya mwenye shamba na kwa kumjulisha mwenyekiti wa LC 1. Kisifichwe kamwe karibu na kambi, kituo cha polisi, daraja wala soko. Asiye na leseni asikilize tu, asirushe. Naye mtoto akutaye kopo asilolitafuta asiliguse, bali amwite mkubwa.

Wahenga walisema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Familia irudipo jioni na viatu vya vumbi, watoto watakuwa wamejifunza ramani, dira na nidhamu ya kusikiliza kabla ya kusema.