Sauti ya Sinema Sebuleni: Kujibu Madai ya Wauzaji na Mashabiki

Kumbi za sinema zilipoacha filamu ya mkanda na kuhamia mitambo ya kidijitali, spika, honi na amplifaya zilizokaa nyuma ya skrini kwa miongo mingi zilianza kutafuta wenyewe wapya. Wapenzi wa muziki wa nyumbani wamezipokea, na pamoja nazo wamepokea madai chungu nzima: ya wauzaji, ya mashabiki, hata ya wanaobeza bila kuzisikia. Jina linalotajwa zaidi ni Voice of the Theatre, familia ya spika ambazo kampuni ya Altec Lansing ya Marekani ilianza kuzitoa mwaka 1945. Juu yake kwa heshima na kwa bei ziko mashine za Western Electric za miaka ya 1920 na 1930.

Hoja yangu ni moja. Hivi ni vifaa vya kazi, na kila kimoja kiliundwa kutatua tatizo fulani la ukumbi. Ukilijua tatizo hilo, utajua kama kifaa kinakufaa. Usipolijua, utalipia jina. Tuyapitie madai yenyewe.

"Spika hizi ni za maneno, si za muziki."

Anayesema hivi amesahau kwamba sinema yenye sauti ilikua pamoja na filamu za nyimbo na dansi. Katika miaka ya 1930 studio ya MGM ilikerwa na spika za wakati huo. Honi zake za sauti za chini zilikuwa ndefu na zimekunjwakunjwa, hivyo sauti hizo zilimfikia msikilizaji zikiwa zimechelewa nyuma ya zile za juu. Kiatu cha mchezaji kikigonga sakafu mara moja, ukumbini mlio ulisikika mara mbili. Husimuliwa kwamba viatu vya mcheza dansi Eleanor Powell ndivyo vilivyoifichua kasoro hiyo. Douglas Shearer, mkuu wa idara ya sauti ya MGM, pamoja na mhandisi John Hilliard na James B. Lansing, wakaunda mfumo wa njia mbili wenye honi fupi, sauti zote zikafika karibu kwa wakati mmoja. Mfumo huo ulipata tuzo ya kiufundi ya Academy kwa mwaka 1936. Lansing huyohuyo aliingia Altec mwaka 1941, kisha akaondoka mwaka 1946 kuanzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama JBL.

Kwa hiyo mpigo wa ngoma, mkwaruzo wa gitaa na mlio wa tarumbeta ndipo spika hizi zinapong'ara. Pa kuzikosoa pako kwingine, kwenye sauti za juu kabisa. Mkanda wa filamu wa zama hizo haukubeba sauti nyingi za juu, na wabunifu hawakujisumbua kutoa kisichokuwepo. Ndiyo maana wengi wanaozitumia nyumbani huongeza twita ndogo juu ya honi.

"Mzigo mkubwa hivi unataka amplifaya ya mamia ya wati."

Hapa ukweli uko kinyume kabisa. Tumezoeshwa na maboksi ya sabufa yenye maandishi ya maelfu ya wati, tukaamini kwamba wati ndizo sauti. Mwaka 1936 Western Electric ilitoa amplifaya ya sinema iitwayo 91A, yenye wati 8 hivi kutoka kwenye valvu moja ya pato, na ilitosha kuendesha kumbi ndogo. Siri ilikuwa kwenye spika. Spika ya kawaida ya sebuleni, ikipewa wati moja, hutoa desibeli 87 hivi kwa umbali wa mita moja. Spika ya honi ya aina ya Altec A7, mojawapo ya familia ya Voice of the Theatre, hutoa karibu desibeli 103. Maana yake, wati 8 ndani ya A7 zinaleta sauti ambayo spika ya kawaida ingehitaji zaidi ya wati 300 kuifikia. Kwa usikilizaji wa jioni bila kumsumbua jirani, unatumia sehemu ndogo tu ya wati moja.

Faida hiyo ina bei yake, na muuzaji hataitaja. Spika inayokuza kila kitu hukuza pia mvumo wa transfoma na kelele za amplifaya. Ukumbini, mtazamaji wa karibu kabisa aliketi mita kadhaa kutoka kwenye skrini. Wewe utakaa mita tatu kutoka kwenye honi. Amplifaya ambayo kwa spika ya kawaida ni kimya itasikika ikinguruma chinichini hata muziki ukisimama. Pesa unayookoa kwenye wati itakubidi uitumie kutafuta amplifaya tulivu, au kupunguza nguvu ya honi kwa vizuizi vya umeme. Kuhusu omu 16 zilizoandikwa kwenye draiva nyingi za zamani, usiogope. Amplifaya ya transista itatoa takriban nusu ya wati zake za omu 8, na hiyo nusu bado inazidi mahitaji.

"Ilijaza ukumbi mzima, besi yake itatikisa nyumba."

Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Kasha la A7 lina urefu wa zaidi ya mita moja hata kabla honi haijawekwa juu yake, upana wa sentimita 76 hivi na kina cha sentimita 60. Mtu akiliona anasubiri tetemeko. Lakini honi fupi iliyo mbele ya spika yake ya inchi 15 iliwekwa ili sauti za kati na za juu za besi zifike viti vya nyuma kwa nguvu. Honi huhitaji mdomo mpana na shingo ndefu kadiri masafa yanavyoshuka, na ile ya kwenye A7 ni ndogo mno kushika besi ya chini kabisa. Ikifika huko, kazi hubaki kwa tundu la kasha peke yake, na sauti hushuka mapema.

Sinema ilipotaka kutikisa viti, ilibidi ilete vifaa vingine. Filamu ya Earthquake ilipotoka mwaka 1974, studio ya Universal ilisambaza mfumo wa Sensurround wenye maboksi maalumu ya besi ya Cerwin-Vega, kwa sababu spika zilizokuwepo kumbini hazikuiweza kazi hiyo. Mpenzi wa rege au singeli anayetaka kugongwa kifuani atahitaji sabufa, tena iliyopangwa kwa uangalifu, maana sabufa nyingi za kawaida zitaachwa nyuma na kasi ya honi.

Jambo la pili ni nafasi. Spika ya inchi 15 na honi vinahitaji umbali ili masikio yavipokee kama chanzo kimoja. Ukikaa mita mbili mbele yake, utamsikia mwimbaji juu na gitaa la besi miguuni. Chumba kisichokupa mita tatu na nusu au nne kati ya kiti na spika si chumba cha spika hizi, hata uzipate bure.

"Bila sumaku ya alniko hakuna sauti."

Hili ndilo dai linalopandisha bei kuliko yote, na historia yake inapita kwenye ardhi ya wasemaji wa Kiswahili. Alniko ni mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma. Mwezi Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliivamia Kolwezi, mji wa machimbo katika mkoa wa Shaba, yaani Katanga, nchini Zaire. Zaire ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani. Bei ya madini hayo ilipaa mara kadhaa, na watengenezaji wa spika, wakiwemo JBL na Altec, wakahamia sumaku za feriti ambazo hazihitaji kobalti.

Alniko basi iliachwa kwa sababu ya bei ya madini. Haikuachwa kwa kuwa sauti yake ilipitwa, na kuachwa huko hakuthibitishi kwamba feriti ni duni. JBL ilipohama ilibuni upya umbo la sumaku yake ili kupunguza upotoshaji wa sauti, na draiva zake za feriti zikatumika kumbini na studioni kwa miongo. Tofauti ambayo wengi huisikia kati ya spika mbili hutoka kwenye koni, koili na kasha kabla haijatoka kwenye sumaku. Isitoshe, alniko ina udhaifu ambao feriti haina kwa kiwango hicho: mkondo mkubwa wa umeme, au fundi aliyeifungua bila utaalamu, vinaweza kuipunguzia nguvu. Spika yenye sumaku maarufu iliyolegea haina heshima yoyote mbele ya sikio.

"Chukua seti nzima pamoja na prosesa ya Dolby, upate sauti ya sinema nyumbani."

Prosesa za Dolby za familia ya CP ziliundwa kusoma mkanda wa filamu: kupokea ishara dhaifu kutoka kwenye kisoma-mkanda, kupunguza kelele za mkanda uliorekodiwa kwa mfumo wa Dolby, na kugawa sauti mbili kuwa kushoto, katikati, kulia na nyuma. Muziki wako haukurekodiwa hivyo. Ukiupitisha kwenye njia ya kupunguza kelele, utauharibu.

Kuna zaidi. Kumbi za sinema hupangwa kwa mkunjo maalumu wa sauti: tambarare hadi hezi 2,000, kisha kushuka desibeli 3 kwa kila oktavu, kwa kuzingatia ukubwa wa ukumbi na spika iliyofichwa nyuma ya skrini yenye matundu. Mipangilio iliyomo ndani ya prosesa hiyo ni ya ukumbi uliokufa. Amplifaya nyingi za sinema za miaka ya karibuni nazo zina feni ambazo nyuma ya skrini hazikumsumbua mtu. Sebuleni zitakusumbua kila wimbo ukiwa laini.

"Ni ya asili kabisa, haijawahi kufunguliwa."

Kwa mkusanyaji hii ni sifa. Kwa anayetaka kuisikiliza ni onyo. Kapasita za karatasi na za elektroliti huzeeka hata zikiwa kabatini. Baadhi ya zile za mafuta za Marekani zina PCB, kemikali ambayo nchi hiyo ilipiga marufuku kuitengeneza mwaka 1979. Amplifaya ya valvu ina volti mia kadhaa ndani yake, na hizo zinaweza kubaki kwenye kapasita baada ya kuchomolewa ukutani. Usiwashe chochote kabla fundi anayezijua valvu hajakifungua. Pwani, ambako hewa ina chumvi, tazama kutu kwenye pengo la sumaku na ukungu kwenye koni.

Ukienda kununua, beba mita. Draiva ya omu 16 ikipimwa huonyesha chini kidogo, kama 10 hadi 12. Isiposoma kitu, koili imekatika. Koili mpya si dhambi kama imefungwa vizuri, ila bei lazima ishuke.

"Stepdauni inamaliza tatizo la umeme."

Inashusha volti 240 hadi 120 zinazotakiwa na vifaa vya Marekani, hapo ni sawa. Haibadilishi hezi 50 kuwa 60. Transfoma iliyobuniwa kwa hezi 60 pekee, ikiendeshwa kwa 50, hupata moto zaidi, na ya zamani huenda ikaungua. Soma kibati chake kwanza. Kikisema 50/60, endelea.

"Bei yake haishuki."

Kinachoshikilia bei ni jozi kamili za majina machache, yaliyotafutwa kwa bidii na wakusanyaji wa Japani na baadaye wa Ulaya. Hata huko kimbilio la uhaba halina uhakika: valvu ya 300B ya Western Electric, iliyotoka mwaka 1938 na kusimamishwa mwaka 1988, imerudi kutengenezwa na kuuzwa mpya. Aliyeihifadhi kwa kutarajia kwamba haitatengenezwa tena alijikuta na mshindani.

Kwa asiye mkusanyaji, mali iko kusikotajwa. Spika za sinema za JBL na nyinginezo za miaka ya 1980 hadi 2000, zenye sumaku za feriti na makasha meusi yasiyo na haiba, huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu ni kubwa na mwenye ukumbi anataka ziondoke. Draiva zake bado hutengenezeka. Anza na hizo, ukiongeza amplifaya ndogo tulivu na krosova iliyopangwa upya kwa chumba chako. Waachie mafundi wazoefu amplifaya za kale, na prosesa uiache palepale. Kama chumba hakitoshi, spika nzuri ya kawaida itakutendea haki zaidi. Na muuzaji atakayekukatalia kupima na kusikiliza kwa wimbo unaoujua mwenyewe, mwachie mzigo wake.