Kamba ya kulinda mabati ipo, ya kumlinda kijana haipo

BUTEMBO, Kivu ya Kaskazini – Kwenye vilima vya kaliptusi kati ya Butembo na Lubero, mlio wa tronsonezi unasikika kabla ya kengele ya shule. Miti inaangushwa kwa ajili ya mbao, makala na nguzo za kujengea. Ndani ya mji nako, mwenye nyumba anayeona kaliptusi yake imeinama juu ya paa hutafuta haraka mtu wa kuikata kabla ya upepo wa mvua. Kazi ipo. Na tangu mwisho wa Juni 2024, Kanyabayonga na kisha Kirumba zilipoingia mikononi mwa M23, watu wa kuitafuta kazi hiyo wameongezeka sana.

Mapatano huchukua dakika mbili. Mwenye mti anauliza: «Unajua kupanda?» Kijana anajibu: «Ndiyo, Papa.» Angejibu nini tena? Nyuma yake kuna bibi na watoto wanaolala kwenye chumba cha kuazima, na shamba lake la maharagwe liko upande ambao hawezi kurudi. Alipanda miti ya avoka utotoni, basi anahesabiwa kuwa fundi. Bei inapatanwa kwa mti mmoja, si kwa siku, kwa hiyo kila dakika ya kutazama vizuri inakuwa dakika ya kupoteza pesa.

Kisha inatoka kamba. Ni kamba nzuri, nene, ya kufunga mizigo ya lori. Inafungwa kwenye tawi kubwa, vijana wawili wanaishika chini, ili tawi likikatwa lisiangukie mabati ya nyumba. Mwenye mti anasimamia mwenyewe, anapiga kelele: «Vuteni, vuteni, mabati yangu!» Wakati huo yule aliye juu, mita kumi na tano kutoka ardhini, na mashini inayonguruma mkononi, amejishika kwa magoti. Miguuni ana kambambili, au hana kitu.

Hapo ndipo uongo wa «hatuna uwezo» unapovunjika. Kamba ilipatikana. Ilipatikana kwa ajili ya mabati.

Mashini nayo haikosi chochote. Bujia ikichakaa, inanunuliwa siku hiyo hiyo. Esansi inachanganywa na mafuta kwa kipimo, mnyororo unanolewa kwa tupa jino kwa jino, na jioni mashini inalala ndani ya nyumba, imefunikwa. Kama patroni angemtunza mtu nusu ya anavyoitunza tronsonezi, hospitali zingepumua kidogo. Mashini ikiharibika, ni hasara yake. Kijana akivunjika, hasara ni ya jamaa, ya kanisa, ya yule mama mwenye nyumba aliyewapokea wakimbizi hao bila kuombwa.

Wanaosema kazi hii ni nguvu tu hawaijui. Mnyororo wa tronsonezi ukifunguliwa kabisa unakimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde moja. Ncha ya juu ya upanga wake ikigusa tawi lingine, mashini inaruka nyuma kwa mwenye kuishika, kwenye shingo au uso, kabla hajafumba jicho. Breki ya mnyororo iliwekwa kwa sababu hiyo, lakini kwenye mashini nyingi za zamani zinazozunguka mashambani breki hiyo imekwisha kufa au imetolewa kwa makusudi, eti inasumbua. Kwa sababu hiyo pia mtu hakati juu ya bega lake, na hakati kwa mkono mmoja huku mwingine umekumbatia mti. Aliye juu bila mkanda hana namna nyingine: mkono mmoja ni lazima umshike yeye mwenyewe.

Kaliptusi ina ujanja wake. Mti ulioinama ukikatwa kutoka nyuma kwa pupa, unapasuka katikati kuelekea juu, na kipande cha nyuma kinamrukia mkataji kifuani. Fundi wa kweli anaanza upande mti unakotaka kuangukia, anatoa kipande kama cha tikiti, ndipo anaingia nyuma, akiacha ubao mwembamba ambao haukatwi, unaofanya kazi ya bawaba ya mlango. Kabla ya hayo yote amekwisha kufyeka njia ya kukimbilia, nyuma na pembeni. Mti ukinasa kwenye mwenzake, hauingiliwi chini. Unavutwa kwa kamba kutoka mbali. Maarifa haya yapo hapa hapa, kwa wazee waliopasua mbao kwa msumeno wa watu wawili kabla tronsonezi hazijafika. Patroni hawaiti kwa sababu wazee wanadai bei ya fundi. Anamwita mwenye njaa.

Ndiyo maana maneno ya mafundi wa zamani kwamba «wakimbizi wameharibu bei» yanapiga mahali pasipo penyewe. Bei iliharibiwa na anayelipa. Mgeni anapokubali nusu ya pesa na hatari mara mbili, anayecheka njiani kurudi nyumbani ni mmoja tu, na si mgeni huyo.

Kuna wanaojitetea kwa Mungu. Kijana akianguka, wanasema ni siku yake iliyofika. Ajabu ni kwamba siku ya mabati haifiki kamwe. Mabati yalifungiwa kamba. Wengine wanasema yeye mwenyewe alikubali. Alikubali kukata mti. Hakuna aliyemuuliza kama anakubali kulala miezi mitatu na mguu uliotundikwa, kisha kuzuiliwa wodini juu ya deni hata baada ya daktari kusema amepona.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtwisha mwajiri wajibu wa afya na usalama wa anayemtumikisha. Inasema pia jambo ambalo mapatroni wa miti hawapendi lisikike: mtu wa kibarua akishatumika siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa usio na mwisho, hata kama hakuna karatasi. Kijana aliyetumika msimu mzima kwa mfanyabiashara mmoja wa mbao si mpita njia aliyeombwa msaada. Ni mfanyakazi. Anapaswa kutangazwa kwenye Kaisi ya Taifa ya Usalama wa Jamii, CNSS, na ajali yake ni ajali ya kazi. Inspekta wa kazi wanajulikana kwa kutembelea maduka na maofisi. Vilima vya kaliptusi havijahamishwa kutoka Kongo.

Lakini si wapandaji peke yao. Kila mti unapoanguka, akina mama wa wakimbizi na watoto wao wanakuwa wamekwisha kusimama pembeni, vikapu mgongoni, wakingojea matawi ya kuni. Wanasogea karibu kwa sababu wa kwanza ndiye anayepata. Hakuna anayewazuia, maana wakiokota matawi, patroni anasafishiwa shamba bure. Umbali wa usalama ni urefu wa mti mara mbili: mti wa mita 20, watu wakae mita 40, kama hatua 55 za mtu mzima. Mmoja awekwe kulinda, na watoto wasiingie kabla mashini haijazimwa. Kuwapa kuni akina mama hao ni jambo jema. Kuwaacha chini ya mti unaokatwa si huruma.

Mapatroni wanasema vifaa vya Wazungu ni ghali. Hakuna aliyeomba vya Wazungu. Kamba mbili: ya tawi, na ya mtu, iliyofungwa kwenye mkanda unaoshika mapaja na kiuno, si kitanzi cha kiunoni kinachokata pumzi. Kaske kwa aliye juu na kwa walio chini. Buti. Suruali nzito. Kitu cha kufunika macho na masikio. Kitambaa safi na kikubwa kwenye mfuko, kwa sababu jeraha la mnyororo linamwaga damu haraka: linakandamizwa kwa nguvu bila kuachia mpaka kwa muuguzi, na halipakwi udongo, majani wala esansi. Aliyeanguka kutoka juu hainuliwi na kukalishwa kati ya watu wawili kwenye pikipiki, kama inavyofanyika. Uti wa mgongo uliopasuka unakatika njiani. Anafungwa kwenye ubao, na ubao haukosekani mahali pa kupasulia mbao.

Nyaya za umeme zikipita kwenye matawi, hakuna kupanda mpaka kampuni ya umeme ikate moto. Mwenye mti ndiye anayekwenda kuomba, si kijana.

Kamati za wakimbizi na machifu wa vitongoji hawahitaji kungoja inspekta. Wanaandika majina ya wanaokwenda kukata kila asubuhi. Wanamwita mwenye mti mbele ya mashahidi wawili, aseme kwa sauti nani atalipa hospitali, kabla mashini haijawashwa. Akikataa kusema, mti unabaki umesimama, na apande yeye.