GARI INACHEMSHA, STAA ANACHEKA! ACHENI KUTUDANGANYA NA CHUPA YA MAJI

Leo nimeweka pembeni stori ya nani kaachana na nani, maana kuna jambo limenikaa kooni toka Jumapili na nisipolisema nitaumwa.

Kuna klipu inazunguka. Msanii mmoja, jina simtaji, nyie wenyewe mnamjua kwa zile rimu zake, kapaki mkoko pembeni ya barabara. Boneti juu, mvuke unatoka kama jikoni kwa mama ntilie. Kijana wake kavua fulana, kaizungushia kwenye mfuniko wa rejeta, kaufungua na injini bado ya moto. Maji yakaruka juu kama bomba limepasuka. Wakakimbia, wakarudi wanacheka. Staa akamimina chupa mbili za maji ya kunywa, akapiga starti, akasema "gari ni kiu tu, inyweshe twende." Muziki ukapigwa, klipu ikaisha.

Sasa nenda chini kasome watu walichoandika. "Braza mpaka ufundi unajua." "Sisi wenye vigari vyetu leo tumejifunza."

Mmejifunza nini?

Nasema bila kupepesa macho: yule jamaa hajafundisha ufundi. Kafundisha namna mbili za kuumia. Ya kwanza ni kuungua uso, ya pili ni kuua injini.

Iko hivi. Mfumo wa kupoza injini umefungwa na una presha. Maji ya kwenye sufuria yanachemka yakifika nyuzi 100, lakini ndani ya rejeta, kwa sababu ya ile presha, yanaweza kupita hapo na yasichemke. Ukifungua mfuniko, presha inatoka ghafla, yale maji yanachemka kwa mpigo na yanakurukia wewe. Fulana haizuii kitu. Wale walibahatika tu.

Halafu ile ya kumwaga maji ya baridi kwenye injini inayowaka moto. Silinda hedi za magari mengi ya siku hizi ni aluminiamu. Zikizidiwa na joto zinapinda, na ukizishtua na maji ya baridi zinaweza hata kupasuka. Hedi gasketi inaondoka, maji yanaingia kwenye oili, na hapo unaanza kuuliza bei ya injini ya mtumba.

Mimi sio fundi. Nimeishia form four na fizikia yenyewe matokeo yangu siwezi kuyaweka hapa. Lakini haya nimeyajua kwa maumivu.

Kaka yangu alichukua gari ndogo ya mtu kwa mkataba, anabeba abiria wa mtandaoni, kila wiki anapeleka hesabu kwa bosi. Gari ikaanza kuchemsha kwenye foleni ya Kimara. Akaongeza maji. Kesho yake ikachemsha, akaongeza tena. Fundi mmoja wa mtaani akamwambia tatizo ni temostati, akaitoa, akaitupa, akachukua hela yake. Ikachemsha vilevile. Wiki mbili bro anatembea na dumu la lita tano kwenye buti kama muuza maji. Siku ya mwisho ikazima Ubungo na haikuwaka tena.

Baadaye ndio tukajua chanzo. Feni ilikuwa haizunguki. Na sio kwamba feni mbovu, ni fyuzi yake iliungua. Fyuzi! Kitu cha bei ya soda. Bosi akachukua gari yake, deni la injini likabaki kwa kaka, na shemeji akauza cherehani yake ili tusaidiane kulipa. Kwa hiyo nikiona mtu anachekea mvuke, mimi sicheki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ule ugonjwa ungeonekana palepale nyumbani, bila kumlipa mtu, kwa swali moja tu: INACHEMSHA WAKATI GANI?

Inachemsha kwenye foleni, halafu barabara ikifunguka inapoa? Mtuhumiwa namba moja ni feni. Ukiwa kwenye mwendo, upepo wenyewe unapoza rejeta. Ukisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Magari yetu mengi madogo yana feni ya umeme, kwa hiyo washa injini, washa AC, chungulia kama inazunguka. Mikono na nguo mbali, maana feni ya umeme inaweza kuanza ghafla hata injini ikiwa imezimwa. Haizunguki? Anza na fyuzi na rilei. Ukiweka fyuzi mpya ikaungua tena, usiendelee kubadilisha kama vocha, mota au waya ndio una shida.

Foleni haina neno, ila mwendo mrefu au mlima kama Kitonga mshale unapanda? Feni muache kwanza. Hapo maji yamepungua, au rejeta imeziba, au wota pampu imechoka. Rejeta inaziba kwa nje na matope, majani na mifuko, na kwa ndani inaziba na kutu na ile chumvi ya maji ya kisima mnayojazia kila siku. Ndio, hilo dumu lako nalo ni sehemu ya ugonjwa.

Inachemsha dakika chache tu baada ya kuwasha na maji yamejaa? Temostati inaweza kuwa imeganda ikiwa imefunga. Dalili yake, hosi ya juu ya rejeta inakuwa ya moto sana na ya chini bado baridi.

Maji yanapungua na huoni yanakokwenda? Laza boksi chini ya gari usiku. Asubuhi ukikuta doa la kijani, pinki au nyekundu lenye majimaji, huenda kulanti inavuja, fuata hosi moja moja. Maji meupe yasiyo na rangi baada ya kutumia AC ni kawaida, usipaniki. Boksi likiwa kavu na maji bado yanapungua, fungua mfuniko wa oili. Ukiona kitu kama chai ya maziwa, au bomba la moshi linatoa moshi mweupe mzito hata injini ikiwa imeshapata moto, kuna uwezekano mkubwa hedi gasketi imeondoka. Hapo usiwashe tena, mwite fundi.

Kuangalia kiwango cha maji na kufungua mfuniko wa rejeta ni asubuhi, injini baridi, kabla hujawasha. Na wale ambao dashibodi zenu hazina mshale, zina taa tu, jueni bluu maana yake injini bado baridi na nyekundu maana yake simama. Ile nyekundu sio pambo.

Najua mtakuja na "tuachie mafundi kazi yao." Sawa, nawaachia. Fundi mzuri atakuuliza hilohilo swali kabla hajashika spana. Ila akikwambia "tutoe temostati" hata rejeta hajaiangalia, chukua funguo zako uondoke. Temostati inafunga ili injini ipate joto haraka, ikifika nyuzi 80 na kitu inafungua maji yaende rejeta. Ukiitoa moja kwa moja, injini inachelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta, na ugonjwa wenyewe uko palepale.

Na wale wa "Dar hakuna barafu, kulanti ya nini?" Kulanti haizuii kuganda tu. Inazuia kutu ndani, na inafanya maji yachelewe kuchemka.

Sitaki kusikia habari ya hali ngumu kutoka kwa mtu mwenye tinti mpya, spika imejaza buti na taa za rangi chini ya gari. Hela ipo, tunaipeleka kwenye vitu vinavyoonekana kwenye picha.

Ikikukamata njiani fanya hivi. Zima AC, fungua hita mpaka mwisho, utatoka jasho lakini inavuta joto kutoka kwenye injini. Paki pembeni, zima. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka injini ipoe kabisa na hosi ya juu iwe laini ukiibonyeza. Ndipo ufungue mfuniko polepole na kuongeza maji kidogo kidogo. Maji matupu ni ya dharura, yakufikishe gereji, sio ya kuishi nayo.

Kwako braza msanii, najua utaisoma hii, vijana wako huwa wanakutumia. Wewe una mkoko wa pili na wa tatu. Hii ikifa unapiga picha na nyingine. Anayekuiga ana moja, na mara nyingi hata sio yake. Ifute ile klipu, au rekodi nyingine useme ulikosea. Hutapungukiwa na kitu.

Haya, uwanja wenu. Gari yako inachemsha kwenye foleni, mlimani au ikiwaka tu? Shusha komenti hapo chini tusaidiane. Na nyie mliokuja kunitukana kwa ajili ya staa wenu, karibuni sana, ila kwanza nendeni mkaangalie feni.