Mshikamano si Picha za Safari



Mwaka 1968 Padre Ivan Illich aliwaambia wanafunzi wa Marekani, waliokuwa wakijiandaa kwenda kuwasaidia maskini wa Meksiko, kwamba waende kutazama na kujifunza, si kusaidia. Maneno hayo yaliwachoma. Twasema: yalistahili kuwachoma.

Kijana hulipa nauli kubwa ya ndege, akapaka rangi ukuta wa shule kwa juma moja, ilhali fundi wa kijijini hana kazi. Kisha hurudi kwao na picha za watoto. Je, huo ndio mshikamano? Hasha! Katika waraka wa Sollicitudo Rei Socialis wa mwaka 1987, Papa Yohane Paulo II alifundisha kuwa mshikamano si huruma ipitayo, bali nia thabiti ya kutafuta manufaa ya wote.

Hata hivyo, hatuungi mkono wanaotaka safari hizi zifutwe. Huko Nogales, mpakani mwa Meksiko na Marekani, shirika la Kino Border Initiative, lililoanzishwa mwaka 2009, huwalisha wahamiaji na kuwapokea wanafunzi wanaokuja kuwasikiliza. Mwanafunzi akimsikiliza mama aliyefukuzwa Marekani na kuwaacha watoto wake huko, hurudi nyumbani na deni: kumhoji mbunge wake juu ya sheria iliyoitenga familia hiyo.

Nasi tunaopokea wageni parokiani, tusiishie kuwachezea ngoma. Tuwaeleze ukweli, tena tuwadai. Msamaria Mwema alilipa gharama, akaahidi kurudi (Lk 10:35).