MASTAA NA PIKIPIKI ZA KALE: GIA IKIGOMA USIKIMBILIE KUMTUKANA FUNDI, NA WEWE FUNDI USIKIMBILIE KUFUNGUA INJINI!

Wadau, ile video mmeiona. Staa mmoja wa Bongo Muvi, mkazi wa Mikocheni, jina kapuni, kasimama mbele ya Honda CG125 yake ya zamani, tangi linang'aa, miwani usoni, anamporomoshea fundi matusi mbele ya kamera. Eti mwizi, eti mafundi wa Bongo wote waganga njaa.

Kosa lenyewe? Gia zinagoma. Injini ikiwaka, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo mpaka pikipiki inaruka mbele. Akisimama kwenye mataa nyutro haipatikani, mpaka azime injini ndo inapatikana kiulaini. Fundi kachukua laki mbili na nusu, kashusha injini, kaifungua yote, kabadilisha vitu, kafunga. Tatizo likabaki palepale.

Siku mbili baadaye kijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani akaushika mkono wa klachi, akauminya mara moja, akacheka. Waya wa klachi ulikuwa umevutika na nyuzi zimeanza kukatika. Ukaletwa mpya, bei ya chipsi mayai mbili, ukarekebishwa, gia zikaingia kama kisu kwenye siagi. Hiyo haikuposti­wa. Video ya matusi ipo mpaka leo, na fundi wa watu gereji imepoa.

Hapa kuna wawili wa kusemwa, na wote wasemwe.

Tuanze na fundi. Kufungua injini kabla ya kupima ni kubahatisha kwa spana. Gia zikigoma, pikipiki yenyewe inakwambia shida iko wapi, ukiwa na subira ya kuisikiliza dakika kumi tu.

Kwanza, zima injini. Sukuma pikipiki mbele na nyuma taratibu huku unabadilisha gia. Usijaribu ikiwa imesimama tuli, maana meno ya ndani yasipolingana hata pikipiki mpya itagoma. Kama gia zote zinaingia injini ikiwa imezimwa, halafu zinagoma injini ikiwaka, basi usiguse gia. Hiyo ni klachi haiachii. Ukiminya mkono, injini bado inaendelea kuzungusha gia, ndo maana inaingia kwa kishindo na nyutro inajificha. Angalia waya. Ncha ya mkono wa klachi inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 hivi kabla haijaanza kuvuta. Ikicheza zaidi ya hapo, klachi haiachii vizuri. Waya ukiwa sawa, nenda kwenye oili. Pikipiki hii injini, klachi na gia vinakunywa oili moja, kama lita moja tu. Ukiweka oili nzito iliyobaki kwenye gari la mjomba, sahani za klachi zinang'ang'aniana. Nunua oili ya pikipiki, kopo lina alama ya JASO MA.

Pili, kama gia zinagoma hata injini ikiwa imezimwa, tazama nje kwanza. Pedeli ya gia inashikwa na bolti ya spana namba 10. Bolti ikilegea au meno ya pedeli yakiisha, unakanyaga weee, shafti haizunguki. Pedeli ikiwa nzima, fungua kava la kulia, toa klachi, utakuta mkono wa kusukuma gia na springi zake. Springi ikikatika, gia hazishiki. Yote hayo yanafanyika injini ikiwa bado kwenye fremu!

Tatu, gia inaingia vizuri halafu ukivuta mafuta inaruka yenyewe. Hapo sasa ndo kwenye injini. Meno ya gia yameisha kona, au uma wa kusogeza gia umepinda. Hiyo ndiyo kesi ya kushusha injini na kuipasua, na sio ya kuchelewesha, maana gia ikiruka Barabara ya Mwai Kibaki wakati unalipita daladala, hakuna kiki itakayokuokoa.

Na kisingizio cha "hii ya kale, haieleweki" hakipo. Honda walianza kuuza CG125 mwaka 1976, wakiitengeneza makusudi kwa nchi ambazo watu wanabebesha pikipiki mizigo na kusahau kubadilisha oili. Injini yake imenakiliwa mno China, na pikipiki kibao za bodaboda zilizopita hapa mjini zina mpangilio uleule. Huyu ni babu yao. Fundi anayetengeneza wajukuu kila siku atashindwaje kumsoma babu?

Haya, zamu ya staa. Kwa nini fundi alikimbilia kufungua injini? Kwa sababu wateja ndo wamemfundisha hivyo. Fundi akikaa nusu saa anapima, akagundua ni waya, akasema nipe elfu kumi ya kazi, utasikia: "Elfu kumi ya kukaza nati?" Lakini akimwaga injini mezani, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, mteja analipa laki mbili bila kubisha. Watu wanalipia jasho, hawataki kulipia akili. Halafu wakipigwa wanashangaa.

Staa anayelipa pesa ndefu kwa ajili ya kupigwa picha na pikipiki ya zamani anajua bei ya koti lake la ngozi, ila hajui mara ya mwisho oili ilimwagwa lini. Kifaa cha kale kinataka mwenye nacho akijue. Na ukiwa na wafuasi wengi, ulimi wako ni nyundo. Fundi hana ukurasa wa kujibu. Ana kibanda, watoto na jina tu, na jina likichafuka hakuna spea yake Kariakoo.

Kwa hiyo iwe hivi: fundi apime kwanza na aseme alichokiona kabla ya kutaja bei. Mteja alipe upimaji kama kazi. Na aliyemtukana mtu hadharani amsafishe hadharani, kwenye ukurasa uleule, sio kwa kumtumia ujumbe wa pembeni.

Wewe mdau unaonaje, staa aombe radhi au fundi arudishe laki mbili na nusu? Au vyote viwili? Tiririka hapo chini, matusi hapana.