Kemia Haikremiwi: Majibu kwa Madai Matano

Jioni moja, sebuleni kwangu kata ya Kitaji, Musoma, wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu walinipa majibu mawili ya swali moja. Swali lenyewe ni la kila siku: sentimita za ujazo 20 za asidi ya salfuriki yenye moli 0.1 kwa lita zimetosha kumaliza sentimita za ujazo 25 za haidroksidi ya sodiamu. Haidroksidi hiyo ina moli ngapi kwa lita? Binti alikuwa na 0.08. Mwenzake alikuwa na 0.04. Fomula ni ileile, na wote wawili walikuwa wameikariri barabara. Jibu ni 0.16.

Nikawaambia waandike mlinganyo wa mmenyuko, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekianza. Walipomaliza kuulinganisha walinyamaza. Moli moja ya asidi ile hula moli mbili za besi. Binti alikuwa ameisahau ile mbili. Kijana aliikumbuka, ila aliiweka chini ya mstari badala ya juu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika pembeni mwa daftari maneno ninayoyasikia kuhusu maswali ya kemia kutoka kwa wazazi, kwa wanafunzi, na mara nyingine kwa walimu wenzangu. Yapo matano yanayorudi kila muhula. Nayajibu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: “Kemia ni ya kukremu. Jua fomula, mengine yatakuja yenyewe.”

Wale wawili walijua fomula, na mengine hayakuja. Fomula ya taitresheni ni muhtasari wa hoja ndefu: nina moli ngapi za asidi, mlinganyo unadai moli ngapi za besi, na moli hizo zimo katika ujazo gani. Anayeipita hoja na kuushika muhtasari hana namna ya kujua kwamba amekosea, kwa sababu 0.04 na 0.16 zinamtazama kwa sura moja.

Sikatai kukariri. Alama za elementi, valensi na mpangilio wa metali kwa ukali wake lazima vikae kichwani. Hivyo ni herufi za kusomea. Maswali ya mazoezi ni kusoma kwenyewe, na mtu hawezi kujifunza kusoma kwa kukariri herufi peke yake.

Dai la pili: “Maliza past pepa za miaka kumi, umemaliza kemia.”

Past pepa ni kitu kizuri, na Baraza la Mitihani limekuwapo tangu 1973, kwa hiyo karatasi hazijapungua. Tatizo liko katika namna zinavyosomwa. Mtindo niliouzoea kuuona ni huu: swali linasomwa, jibu linafunuliwa kwenye desa, kichwa kinatikiswa, linafuata swali lingine. Kwa siku mbili mtu “amemaliza” miaka mitano. Alichofanya ni kusoma majibu ya watu.

Kuna kitu wengi hawakigusi. Baraza hilohilo hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zikionyesha wengi walikosea wapi na kwa nini. Humo mna sampuli za majibu yenyewe, mazuri na mabaya. Kwa mwanafunzi wa kemia, jibu baya lililochambuliwa lina thamani zaidi kuliko majibu matatu mazuri ya kunakili. Mimi huwapa wanafunzi jibu lenye kosa bila kuwaambia kosa liko wapi, na wao walitafute. Mchukue mtahiniwa aliyesoma bureti mara nne: 20.90 kwa jaribio la awali, kisha 20.40, 20.50 na 20.40. Ameandika wastani wa 20.55. Hesabu yake ya kujumlisha na kugawanya haina dosari. Kosa ni kwamba jaribio la awali, ambalo kazi yake ni kukadiria tu, limeingizwa kwenye wastani. Jibu ni 20.43. Mwanafunzi aliyelinasa kosa hilo kwa mwenzake halirudii kwenye jibu lake.

Dai la tatu: “Shule haina maabara ya maana, mazoezi ya nini?”

Dai hili lina ukweli ndani yake, na sitaufunika. Kusoma bureti usawa wa jicho, kufunga bomba kwenye tone lilelile linalogeuza rangi, kutikisa chupa kwa mkono mmoja: hayo hayafundishwi kwa kalamu. Shule ambayo watahiniwa wake wanashika bureti kwa mara ya kwanza wiki ya mtihani imewaonea, na hakuna kitabu cha maswali kitakachofidia.

Lakini kutoka hapo hadi kusema “basi tukae” ni mbali sana. Chemsha choya upate maji mekundu. Yagawe kwenye glasi tatu. Ya kwanza kamulia ndimu, ya pili tia maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni, ya tatu iache. Ya ndimu inabaki nyekundu, tena inakolea. Ya majivu inageuka na kuelekea kijani. Sasa yapo maswali ya kutosha jioni nzima. Majivu yana nini hata yawe besi? Ni matone mangapi ya ndimu yatairudisha rangi? Ukiongeza maji ya kisima kwenye glasi ya majivu, idadi ya matone itabadilika? Swali hilo la mwisho huwaangusha wengi, kwa sababu wanachanganya ukali wa myeyusho na kiasi cha besi kilichomo. Maji yanapunguza ukali. Besi ni ileile, na matone ni yaleyale.

Tena ni hapa Musoma, Novemba 1974, TANU ilipopitisha Azimio la Musoma, lililotaka elimu na kazi visitenganishwe. Miaka 50 baadaye tunamwambia mtoto asubiri maabara ndipo aanze kufikiri kama mkemia.

Dai la nne: “Chagua mada zako. Kemia ya kaboni haihusiani na hesabu za moli, na zote hazihusiani na metali.”

Hili ndilo linaloharibu zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo. Watoto huligawa somo kama shamba la urithi: huyu anachukua kemia ya kaboni, yule anachukua hesabu, na kemia ya umeme wanaiacha mwituni. Nami huwauliza: muhogo uko tawi gani?

Muhogo, hasa ule mchungu, una kampaundi ya kaboni iitwayo linamarini, C₁₀H₁₇NO₆. Ukiumenya, ukaukatakata na kuuvundika au kuuloweka, seli zinapasuka, kimeng’enya kinaikuta linamarini na kuivunja, na mwisho wake inatoka sianidi ya haidrojeni. Mpaka hapo ni kemia ya kaboni. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selisiasi, kwa hiyo jua la mchana la huku kwetu linatosha kuifukuza kutoka kwenye makopa yaliyoanikwa. Hiyo ni kemia ya hali za maada. Sasa ije hesabu: kiwango kinachokubalika kimataifa ni miligramu 10 za sianidi ya haidrojeni kwa kilo ya unga. Kilo moja ya unga imebaki na miligramu 100 za linamarini. Je, unalika?

Uzito wa moli moja ya linamarini ni gramu 247, na wa sianidi ya haidrojeni ni gramu 27. Moli moja inatoa moli moja. Zidisha 100 kwa 27, gawanya kwa 247: unapata miligramu 10.9. Umezidi. Muhogo huo haukuvundikwa wala kulowekwa vya kutosha.

Hesabu hii ina historia yake katika mkoa huu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, Tarime ilikumbwa na mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona, nao ulihusishwa na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa njia ya mkato. Njaa iliwafanya watu wafupishe siku za kuuandaa. Mtoto anayeijua hesabu ya 27 kwa 247 anaelewa bibi yake alikuwa akingoja nini zile siku zote.

Tusiishie jikoni. Ioni ya sianidi inayotokana na muhogo ndiyo hiyohiyo inayoyeyusha dhahabu kwenye mitambo ya kuchenjulia. Atomi nne za dhahabu hutumia ioni nane za sianidi, molekuli moja ya oksijeni na mbili za maji. Dhahabu inapoteza elektroni, oksijeni inazipokea: hiyo ndiyo kemia ya umeme waliyoiacha mwituni. Kwa mizani ya mlinganyo, gramu moja ya dhahabu inadai karibu nusu gramu ya sianidi ya sodiamu, ingawa kwenye mchanga halisi hutumika nyingi zaidi kwa sababu madini mengine nayo yanaila. Na kwa nini wachenjuaji huutia myeyusho chokaa? Kwa sababu sianidi ya haidrojeni ni asidi dhaifu. Besi ikipungua, ioni zinachukua haidrojeni na kuruka hewani kama gesi ya sumu. Tumerudi kwenye asidi na besi.

Kwa wachimbaji wadogo, kama wale wa Buhemba wilayani Butiama, kuna zebaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064. Mwanafunzi aulizwe: ukiuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu juu ya mkaa, kipi kinabaki na kipi kinaondoka, na kinachoondoka kinaelekea wapi? Jibu la mwisho ni puani mwa anayechoma na mwa jirani yake. Swali la aina hiyo ni la utenganishaji wa michanganyiko, mada ambayo watoto huiita ya kupewa maksi za bure.

Anayechagua mada anaujua muhogo nusu, na dhahabu nusu.

Dai la tano: “Mtihani ni wa Kiingereza, ukifikiri kwa Kiswahili utafeli.”

Mtihani ni wa Kiingereza kweli, na istilahi zake lazima zijulikane. Ila kuelewa kuna mlango wake. Nilimwona mwanafunzi akiambiwa na karatasi aongeze haidroksidi ya sodiamu kidogo kidogo, kisha mpaka iwe “eksesi”. Alilitafsiri neno hilo kuwa “nyingi”, akamimina yote kwa mkupuo. Chumvi yake ilikuwa ya zinki. Mashapo meupe yalipaswa kutokea, kisha yayeyuke yeye akitazama. Yeye aliona maji safi tangu mwanzo hadi mwisho, akaandika kwamba hakuna kilichotokea. Kama angeambiwa “mpaka ipite kiasi”, mkono wake ungejua la kufanya. Tena angekuwa na nafasi ya kwenda hatua inayofuata: aluminiamu na risasi nazo hufanya vilevile kwenye haidroksidi ya sodiamu, ila kwenye amonia ni zinki peke yake ambayo mashapo yake huyeyuka.

Istilahi za Kiswahili zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Na mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge hapa Musoma, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare ikawa Juliasi Kaizari, na nyingine ikawa Mabepari wa Venisi, bila Kiingereza chake kupungua. Fikiri kwa lugha inayokuelewesha, kisha andika kwa lugha inayosahihishwa.

Wiki iliyofuata yule binti wa 0.08 alikuja na swali alilolitunga mwenyewe. Alikuwa amepima unga wa nyumbani kwao kwenye mizani ya dukani, akapata kilo mbili na robo, na alitaka kujua unga huo ukibakiwa na linamarini kiasi gani ndipo familia iache kuupika. Mlinganyo aliuandika juu kabisa ya ukurasa, kabla ya namba yoyote. Lifanye na wewe. Jibu linakaribia miligramu 206, na likikutoka tofauti, usifute: tafuta ni mstari gani uliokudanganya.