Nasaba ya Fumo Liyongo Isinyooshwe

Katika vitabu vya fasihi simulizi vinavyotumiwa katika shule za upili nchini Kenya, Fumo Liyongo ni mfano usiokosekana wa shujaa wa mighani. Nasaba yake, hata hivyo, aghalabu hupewa sentensi moja tu. Kitabu kimoja humwita Mringwari binamu yake. Kingine humwita ndugu yake wa kambo. Mwanafunzi wa Ikonge, kaunti ya Nyamira, anapokutana na kauli hizo mbili humwuliza mwalimu iliyo sahihi, naye mwalimu, kwa kuuhofia mtihani, huchagua moja. Uchaguzi huo ndio unaostahili kupingwa.

Ukinzani wenyewe si wa jina tu. Alice Werner, aliyechapisha habari za Liyongo mwaka wa 1926 na tena katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu cha mwaka wa 1933, anaeleza kwamba Liyongo alikuwa mwana mkubwa wa mfalme, ila mamake hakuwa mke wa daraja la juu. Kwa hiyo kiti kilimwendea Mringwari. Werner huyohuyo anapomfikia msaliti aliyemdunga Liyongo sindano ya shaba kitovuni, anasema alikuwa mwanawe, kisha anaongeza kwamba wengine humtaja mwana wa dada yake. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, katika utenzi wake wa mwaka wa 1913, hana mashaka hayo: msaliti ni mwana wa kumzaa, aliyehadaiwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Na ni utenzi huohuo unaosimulia jinsi Wagala, kama walivyoitwa Waoromo zamani hizo, walivyoitamani mbegu ya shujaa hata wakampa mke.

Mwana au mpwa? Hapa ndipo penye uzito. Penye urithi wa upande wa mama, mpwa ndiye mrithi. Penye urithi wa upande wa baba, ni mwana. Yamkini masimulizi haya mawili yamehifadhi kumbukumbu ya jamii iliyokuwa ikivutana juu ya sheria ya kurithi, na kila msimulizi akamweka kisu mkononi yule ambaye kwa sheria yake angefaidika na kifo. Anayefuta kauli moja anafuta mvutano wote.

Hata pale ambapo mtunzi ni mmoja na maandishi yake yapo, kunyoosha nasaba kuna hatari. J. R. R. Tolkien alifariki mwaka wa 1973 akiwa amembadilishia baba mfalme wake wa kubuni, Gil-galad, zaidi ya mara moja. Mwanawe, Christopher, alipohariri The Silmarillion mwaka wa 1977 alimfanya mwana wa Fingon. Mwaka wa 1996 akakiri kwamba hilo lilikuwa kosa, kwani katika maandishi ya mwisho ya babake, mfalme huyo ni mwana wa Orodreth. Kwa miaka kumi na tisa wasomaji walishika jibu la mhariri wakidhani ni la mtunzi. Sembuse Liyongo, ambaye watunzi wake ni umma mzima wa pwani?

Ajabu ni kwamba darasa la Ikonge lina nyenzo za kuuelewa mgogoro huu kuliko madarasa mengi. Wagusii wanajua maana ya enyomba, nyumba ya kila mke: mashamba yaligawanywa kwa nyumba, na ng'ombe wa mahari ya binti waliwaozea wake ndugu zake wa tumbo moja, si watoto wa mke mwenza. Chuki iliyozuka baina ya nyumba hizo ina jina lake, engareka. Mwanafunzi wa huko akielezwa kwamba mamake Liyongo hakuwa mke wa daraja la juu, hahitaji kufafanuliwa kwa nini Mringwari hakulala usingizi.

Swali la mtihani, basi, lisiwe: Mringwari alikuwa nani kwa Liyongo? Mtahiniwa apewe masimulizi mawili, aulizwe katika kila moja ni nani angerithi, na kwa nini msimulizi akamchagua huyo awe msaliti.